Kampuni Yangu ya Tabora

Nilianza kufundisha shule ya msingi hapa Ushirombo wakati wilaya yetu ya Bukombe ingali Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012 tulihamia mkoa mpya bila kufungasha hata kijiko. Nilipewa masomo mawili ambayo walimu wenzangu hawakuyagombania, Historia na Stadi za Kazi. La kwanza lilikosa vitabu, la pili lilikosa vifaa, nikaona bora niyafungishe ndoa. Kila tulipofika kwenye habari za misafara ya pembe za ndovu, watoto walikwenda kuchimba udongo wa kichuguu nyuma ya uwanja wa mpira, wakafinyanga wapagazi, kisha tukaupanga msafara kwenye kingo za madirisha, kutoka dirisha la Tabora mpaka dirisha la Bagamoyo. Mtoto aliyeufinyanga mzigo kwa mikono yake humwambii mara mbili kwamba Wasumbwa na Wanyamwezi walikuwa watu wa safari kabla ya lami na malori ya Rwanda. Hata nilipomwambia kwamba Msiri, yule aliyetawala Katanga mpaka alipouawa mwaka 1891, alitoka pande zetu hizi, hakushangaa.

Madirisha hayo ndiyo yaliyonileta kwenye kazi ninayoisimulia hapa. Mgodi mmoja wa ukanda wetu ulikuwa umetuletea madawati, na mhandisi Mwingereza aliyefuatana na lori akasimama mbele ya msafara wangu wa udongo akasahau alichokuja kufanya. Aliinama akamtazama kila mpagazi usoni. Nikadhani anacheka, kumbe anahesabu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha mgodini, "Mwalimu, kwetu watu wazima wanafanya hivi. Wanafanya na mashindano."

Sikumwamini mpaka aliporudi kutoka likizo na kisanduku. Ndani mlikuwa na askari wa metali, kila mmoja wa milimita 28, hata kidole gumba changu kinawazidi kimo. Akanieleza kwamba mchezo huu wa vita vya mezani una ukoo mrefu. Huko Prussia, Reisswitz na mwanawe waliwatengenezea maofisa mchezo huo ili wajifunze vita juu ya meza, na kanuni za huyo mwana zikachapwa mwaka 1824. Mwandishi H. G. Wells akawaandikia raia kitabu cha mchezo huo mwaka 1913, mwaka mmoja kabla vita vya kweli havijalipuka. Katika pakiti moja nilikuta watu wenye manyoya kichwani na magobori mkononi, na juu yake pameandikwa kwamba ni rugaruga. Yaani wapiganaji wa mtemi Mirambo, babu zetu wa mbali, wanayeyushwa Uingereza na kuuzwa kwa pakiti! Sikukasirika. Nilichotaka kujua ni nani aliyewaambia walivaa nini.

Mhandisi alikuwa na wenzake wa mchezo jijini Mwanza: wageni wa migodini, wafanyabiashara wawili wa mjini na vijana wa chuo. Walikuwa wakiandaa mashindano yao ya mwisho wa mwaka, na mada ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Kila mshiriki alete jeshi lake lililopakwa rangi, la pointi zisizozidi kiwango kilichowekwa. Akanialika. Nikachagua kampuni ya Wajerumani iliyolinda njia za Tabora mwaka 1916, kwa sababu vita hiyo ilitupitia mlangoni. Brigedi ya kaskazini ya Wabelgiji, chini ya Molitor, ilishuka kutoka Biharamulo kuelekea kusini, wakati ile ya Olsen ikipanda na reli kutoka Kigoma. Jenerali Wahle wa Wajerumani akaiacha Tabora, na tarehe 19 Septemba 1916 askari wa Kongo wa Wabelgiji wakaingia mjini. Nchi hii iliyo katikati ya Biharamulo na Tabora ilikamuliwa chakula na watu na pande zote mbili.

Mhandisi alitaka kunipa askari wake wa metali nianze nao. Nilikataa kwa adabu. Nilitaka kutengeneza wangu, na Ushirombo ina kila kitu kinachohitajika ukijua pa kuomba. Mifupa yao ni waya laini wa kufungia nondo, ambao mafundi ujenzi huutupa vipande vipande. Nyama yao ni ile gundi ya mafundi bomba yenye sehemu mbili, unayoifinyanga kwa mikono iliyoloweshwa maji na kwa muda mfupi inakuwa jiwe. Ikianza kushika tu, ndipo unapochonga mikunjo ya shati kwa sindano ya kushonea magunia. Ukiwahi, mikunjo inajifuta. Ukichelewa, sindano inateleza. Bunduki nilizikata kutoka njiti za chuma za mwavuli. Kila askari alisimama juu ya kizibo cha soda, na vizibo nilipewa bure na wazee wa drafti pale stendi, baada ya kuapa kwamba siendi kufungua kijiwe cha kushindana na chao.

Kwenye rangi ndipo nilipokaa sana. Rangi ya mafuta ya dukani ni nzito, inaziba macho na vifungo. Dada mmoja wa saluni akaniuzia chupa za rangi ya kucha zilizobaki nusu na brashi za wanja zilizochakaa. Kila nikiingia wateja wake wanaangaliana. "Shikamoo mwalimu, leo tunapaka kucha gani?" "Marahaba, leo napaka mkanda wa risasi." Kaki haipatikani kwenye kucha, hiyo niliichanganya kwa rangi ya maji ya ukutani na udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa. Ngozi ilinisumbua zaidi. Askari wa mhandisi walikuwa na rangi moja tu, nyeusi ya kiatu. Mimi niliuweka mkono wangu juani karibu na sanamu, nikaongeza kahawia, nikaongeza wekundu kidogo, mpaka nikaona mtu. Kisha niliwatengeneza wengine weusi zaidi na wengine maji ya kunde, kama watu wanavyosimama kwenye foleni ya zahanati.

Mwisho kuna siri ambayo mhandisi aliiandika kwenye daftari lake. Rangi ikishakauka, unayeyusha kiwi ya kahawia kwa mafuta ya taa, unampaka askari mzima, halafu unamfuta kwa kitambaa. Kiwi inabaki kwenye mikunjo, juu panabaki peupe, na askari aliyekuwa mpya wa dukani anaonekana ametembea toka Kagera.

Sare nayo ina historia yake. Picha za mwanzo wa vita zinawaonyesha askari wa Mjerumani wakiwa na kaki safi, kofia ya tarbushi iliyofunikwa kitambaa chenye pazia la shingoni, na beji ya tai. Kufikia 1916 meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga bahari, na nguo zilifumwa hapahapa nchini na kutiwa rangi ya miti. Kwa hiyo sikumfananisha askari na mwenzake. Kila shati lilikuwa na kaki yake. Wengi walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, inayotumia baruti ya moshi, na moshi huo ndio unaomwonyesha adui ulipo. Nilibandika pamba kwenye midomo ya bunduki, pamba ya shamba letu wenyewe, na hapo sikuhitaji kununua kitu. Kitu kingine cha Tabora ya mwaka huo kilimfurahisha mhandisi kuliko bunduki zote: katika karakana ya reli Wajerumani walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Vijana wetu wanaochimba dhahabu kwenye maduara hawaamini nikiwasimulia.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Kampuni moja ya Mjerumani, ile waliyoiita Feldkompanie, ilikuwa na askari wapatao 160, Wazungu wasiozidi 20, bombom (bunduki za rashasha) mbili, na wapagazi wasiopungua 250. Nikakubaliana na mhandisi kwamba sanamu moja isimame badala ya watu watano. Ukigawa, unapata askari 32, Wazungu 4, na wapagazi 50. Mhandisi akapitia orodha yangu na kuweka kalamu chini. Katika kanuni zao mpagazi anagharimu pointi na hapigani. Hakuna mchezaji anayemleta. Meza zote za Mwanza zilikuwa na bunduki tupu.

"Waweke kama pambo, Mwalimu," akasema. "Pembeni, bila pointi."

Nikamwomba akae nimfundishe hesabu ya darasa la nne. Mpagazi anabeba nafaka kilo 25 hivi na anakula karibu kilo moja kwa siku. Mtume mwendo wa siku kumi, arudi siku kumi. Amekula ishirini njiani, amekuachia tano. Sasa nchi hii haina barabara, mbung'o wanaua punda na ng'ombe wa kukokota, na askari wako wako siku kumi kutoka ghalani. Unahitaji wapagazi wangapi kulisha askari mmoja? Wabelgiji peke yao walikusanya wapagazi wapatao 260,000 katika vita ile. Upande wa Waingereza, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inakaribia laki moja, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa, risasi haikuwagusa. Hiyo ndiyo vita yenyewe. Wenye bunduki walikuwa ncha yake tu.

Nikamwonyesha pia picha za sanamu mbili, zote kazi ya mchongaji mmoja, James Alexander Stevenson. Ya Dar es Salaam, iliyosimikwa mwaka 1927, ni askari mmoja na bunduki yake. Ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Nikamwambia mimi ni Mtanzania, lakini katika hili nasimama na Nairobi.

Nikawatengeneza wote hamsini. Hapo nilifanya kazi kwa furaha kuliko kwa askari, maana wapagazi hawana sare. Mmoja ana sanduku la risasi, nililolijenga kwa njiti za kiberiti. Mwingine ana gunia la mtama alilolishona mke wangu kwa kitambaa cha kanga, akilalamika kwamba macho yake si ya kazi hii. Wawili wamebeba bombom kwenye mti, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kuna anayefunga mguu kwa gome la mti. Kuna aliyelitua sanduku na kukaa juu yake, na huyo mhandisi alimpenda sana. Nyuma nikaweka wanawake watatu na vyungu, kwa sababu askari wa Mjerumani walisafiri na wake zao, na sikuona katika jeshi lolote la Mwanza chungu hata kimoja.

Safari ya Mwanza nilipanda basi na jeshi langu ndani ya trei za mayai, kila mtu kwenye shimo lake. Kondakta alitaka nizitupe buti. Nilizibeba mapajani mpaka mwisho wa safari.

Kuhusu mashindano yenyewe sina mengi. Mwamuzi alikubali ombi langu, kwamba bunduki zangu zipige kwa nguvu kamili mradi wapagazi wako karibu, na wakikatwa, risasi zipungue zamu kwa zamu. Wenzangu hawakufungwa na sharti hilo. Mchezo wa kwanza nilipigwa na mfanyabiashara aliyeleta askari wa Waingereza, King's African Rifles, wamejaa meza. Baadaye nikakutana na kijana wa chuo mwenye jeshi la Kongo. Huyo alikuwa na akili. Hakuwagusa askari wangu hata mmoja. Alipita porini na kikosi kidogo, akaushambulia mstari wa wapagazi, na baada ya zamu chache bombom zangu zilikuwa vyuma tu. Watu waliacha meza zao wakaja kuangalia. Alinishinda, nikampa mkono, nikamwambia ndivyo vita ile ilivyokwenda. Nilimaliza wa pili kutoka mwisho.

Mwaka uliofuata kanuni yangu iliingizwa kwa wote. Jeshi lisiloleta wapagazi halikuruhusiwa kuvuka nusu ya meza. Mfanyabiashara aliniagiza nimtengenezee wapagazi arobaini kwa malipo, na kazi za namna hiyo zimenisaidia kulipa ada tangu nistaafu. Mhandisi mkataba wake uliisha akarudi kwao, na mpagazi aliyekaa juu ya sanduku aliondoka naye.

Kampuni ya Tabora imebaki darasani, kwenye kabati la kioo ambalo fundi wa madirisha alinitengenezea kwa mabaki. Watoto wanaruhusiwa kuishika Ijumaa. Kuna kitu kimoja bado nakitafuta. Picha za kale zinaonyesha wapagazi wakiwa na kata kichwani chini ya mzigo, lakini nataka kujua hapa Usumbwa walizisokota kwa nguo, kwa majani ya mgomba au kwa nyasi gani. Msomaji ambaye babu au bibi yake alisimulia habari za wapagazi wa vita ya Mjerumani, au mwenye picha ya familia ya wakati huo, afike Ushirombo aulize mwalimu wa askari wa vizibo. Stendi wote wananijua.