Vipepeo wa Vilima vya Chaki

Mwishoni mwa Agosti, tukiwa likizoni Uingereza, tulipanda vilima vya Sussex, ambako ardhi ni chaki nyeupe na nyasi ni fupi. Tukalala kifudifudi, nasi watu wazima! tukingojea jua. Lilipotoka mawinguni, akaruka kipepeo dume aitwaye Adonis, mabawa yake samawati kama joho la Bikira Maria. Kiwavi wake hulindwa na sisimizi, naye huwalipa kwa utomvu mtamu. Lakini hataki ila udongo wenye joto, na nyasi ndefu huutia baridi. Mwaka 1953 ulizuka ugonjwa wa kuua sungura, walaji wa nyasi. Zikarefuka, vipepeo wakapungua mno. Leo kondoo huchungwa huko ili kuzifupisha. Jioni tulikutana nao njiani, tukawapisha kwa heshima.