Huruma Iliyomfunga Mikono

Ndugu yetu aliporejea kutoka hospitali ya maradhi ya akili, tulimwondolea kila kazi kwa kumhurumia. Akawa mtu wa kulala na kutazama ukuta. Mtaalamu wa tiba kazi, yaani tiba itumiayo shughuli za kila siku, akatueleza nadharia ya Profesa Gary Kielhofner wa Marekani, aliyeichapisha pamoja na wenzake mwaka 1980, akaiendeleza hadi alipofariki 2010: mgonjwa atazamwe hamu yake, mazoea yake, uwezo wake na mazingira yake. Tukatambua kwamba katika mazingira hayo tumo sisi. Leo yeye ndiye amtekeaye baba maji ya udhu. Dawa hajaziacha, lakini usiku huuliza alfajiri ni saa ngapi.