Kuku na Baridi ya Makete

Ukitoka Njombe kwenda Makete, barabara hupanda milima. Kule juu, Kitulo, ni kiasi cha meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na Julai umande huganda usiku. Asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa chumvi.

Huko nako wananchi hufuga kuku wadogo wa kienyeji. Mwili mdogo hupoa upesi, kama chai ya kikombe kidogo. Kwa hiyo wafugaji wengine huziba kila tundu la banda. Hudhani wamewakinga kuku wao. Kumbe hasara huanzia hapo.

Kuku hupumua usiku kucha. Mvuke wao na unyevu wa mavi hukosa pa kutokea. Banda hulowa na kunuka. Kuku huanza kukohoa. Kuku mkavu huvumilia baridi. Kuku aliyelowa hawezi.

Basi fanyeni hivi. Zibeni matundu ya chini, upepo unapowapiga kuku. Acheni nafasi juu, karibu na paa. Tandikeni nyasi kavu, na zikilowa zitoeni. Wekeni miti bapa ya kulalia, ili kuku wafunike vidole kwa manyoya. Jioni wapeni mahindi, yawatie joto. Maji yakiganda, mwageni na kuweka mengine. Msiweke jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa. Hewa yake inaua.

Mtetea akipona kipupwe, atatotoa vifaranga wakati wa joto. Akifa, madaftari ya watoto yatanunuliwa kwa nini?