Riwaya mkobani mwa binti

Kila binti anapotumwa na mwalimu kununua kitabu cha fasihi, sisi wazazi wa Nyantakara huulizana kama riwaya zinazotaja zinaa zinafaa kuingia mkobani mwake. Swali hili ni la haki, na ni la zamani. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika. Kwa muda riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa jinsi ilivyosimulia uasherati na utoaji mimba. Baadaye ikaruhusiwa, ikasomeshwa. Februari 2023 Wizara ya Elimu nayo ilipiga marufuku vitabu 16, ikitoa hoja ya maadili.

Hatupingi vitabu kuchujwa. Mtoto wa darasa la nne ana mambo yake ya kusoma. Lakini aliyeisoma Rosa Mistika anajua upotevu wa Rosa ulianzia wapi: kwa Zakaria, babaye, mlevi aliyempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti alikua na hofu tupu. Alipokuwa mbali na fimbo ya baba, hakuwa na kinga nyingine. Baba wa namna hiyo tunao hapa kijijini, tena wengine hawanywi pombe.

Sisi Waislamu tuna mfano ulio karibu zaidi. Sura Yusuf yasimulia mwanamke aliyefunga milango akamtaka kijana aliyelelewa nyumbani mwake. Kisa hicho husomeshwa madrasa, wadogo wakisikiliza; hakina neno chafu, wala hakifichi fitina. Kwa kipimo hicho, zipo kurasa za Rosa Mistika ambazo tungewaachia wa kidato cha tano na sita.

Wakati tukibishana, wapo mabinti wanaopanga vyumba karibu na shule, wanaojipikia wenyewe, na vijana wa bodaboda huwapakia bure, bure ambayo siku moja hudaiwa. Hayo hayakuletwa na mwandishi yeyote.

Tunachoomba ni kidogo. Mwalimu wa Kiswahili atuite mwanzoni mwa muhula, atutajie riwaya na sababu ya kuichagua. Nasi tuisome kabla ya kuilaumu. Mama asiyejua kusoma asomewe na bintiye jioni, mafiga yakiwa bado ya moto. Na wakifika pale binti anaposita kusoma kwa sauti, mama asiinuke kwenda kuchungulia chungu.