Breki Mpya

Mwalimu huhubiri subira darasani. Mimi nilifunzwa subira na breki. Diski ya pikipiki yangu ilikuwa imekonda kupita kipimo kilichochongwa juu yake. Nikanunua mpya pamoja na pedi zake, nikatoka Garsen kwa kasi kuelekea daraja la Mto Tana. Mara ng'ombe wakakata njia, na mchungaji mdogo nyuma yao. Nilibana breki, hazikushika upesi. Nikasimama dhiraa moja tu mbele ya mtoto.

Baadaye fundi alinieleza: pedi na diski mpya hazijazoeana. Punguza mwendo polepole, mara nyingi, kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, pedi ipate kuacha utando mwembamba juu ya diski. Huo ndio unaoshika.

Tangu siku ile siuamini upya usiojaribiwa.