Mkeka, Kiti na Zabibu

Alhamisi, 13 Juni 2024

Bajeti imesomwa leo. Dodoma imefurika wageni, na bodaboda wa Area D wanataja bei wanayojisikia. Tangu Aprili nimeganda kwenye kiti kimoja huko mji wa serikali, Mtumba, napanga majedwali, na jioni hii niliposhuka kwenye daladala kiuno kilikataa kunyooka. Konda akaniambia, "Taratibu, mama." Mama! Kijana mwenyewe ana ndevu.

Dada wa chumba cha jirani pale kazini anafundisha yoga Jumamosi sebuleni kwake Ipagala. Ananiita tangu Pasaka. Leo nimekubali.

Jumamosi, 22 Juni

Nilidhani tutakaa na kufumba macho. Tumetoka jasho. Salamu kwa jua, mkao wa shujaa, goti limekunjwa, mikono imenyooshwa, pumzi ndani, pumzi nje, bila kusimama. Mwalimu alijifunzia Nairobi na inaonekana. Kule kuna Africa Yoga Project, iliyoanza 2007 na kuwatoa vijana wa mitaa duni wakiwa walimu wanaoishi kwa kazi hiyo, na mtindo wao ni wa nguvu, ule wa Baron Baptiste wa Marekani. Hiyo ndiyo yang, upande wa nguvu: misuli inafanya kazi, moyo unakwenda mbio, mwili unapata moto.

Kisha akazima taa na kutuingiza kwenye yin, upande wa utulivu. Mkao wa kipepeo: unakaa chini, nyayo zinakutana, mgongo unauachia uiname wenyewe, na hapo unabaki dakika tano bila kusukuma. Dakika ya kwanza raha. Ya pili nikakumbuka jedwali nililolituma bila sahihi. Ya tatu nikamchukia mwalimu. Akapita karibu yangu na kusema polepole, "Dada, usigombane nayo. Angalia tu hiyo hali iko wapi, na inabadilika vipi." Sehemu hii ya kuangalia ndiyo iliyonishinda. Kuinama nakuweza.

Jana ilikuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2014 kwa pendekezo la India, ikaanza 2015. Sisi tumeiadhimisha kwa kuchelewa siku moja, kwa chai ya tangawizi.

Jumapili, 23 Juni

Shangazi kapiga simu kutoka Tanga. Habari zilimfikia kabla sijamweleza.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nasikia umeanza ibada za Kihindi."

Nikamjibu bila kumficha. Yoga imetoka India, na kwa wenye dini zile imo ndani ya dini yao. Sisi pale Ipagala hatuimbi kitu wala hatusujudii kitu. Ila kuna mkao wa mtoto, magoti na paji la uso chini, na mtu akichungulia dirishani ataona sijda. Mimi mwenyewe nilisita siku ya kwanza. Lakini sijda ina nia, ina kibla, ina Mola wake. Mkao ule una kiuno changu tu. Anayeona dhamiri inamkataza aache, wala asisutwe.

Kimya kikapita, halafu: "Haya. Lakini usije ukakosa Alfajiri kwa sababu ya huo mkeka."

Jumapili, 7 Julai

Baridi. Upepo unabeba vumbi la Nkuhungu lote na kulileta kwenye kamba yangu ya nguo.

Asubuhi nimekwenda kumwona bibi wa jirani, Mgogo wa zamani kabisa. "Mbukwa, bibi." Alikuwa amekaa chini, miguu imenyooka mbele, ungo mapajani, anachagua mawe kwenye mtama. Nikakaa naye kuzungumza. Tukazungumza habari za mvua, za mjukuu aliyepata kazi kwenye reli, za bei ya uwele, na muda wote ule hakuegemea ukuta wala hakukunja goti. Kwetu Ipagala mkao huo, ukiinamia miguu, unaitwa kiwavi, na baada ya dakika tatu watu wazima huanza kuguna.

Nikamwuliza kama haumwi. "Mjukuu wangu, mgongo unauma kwa kukaa juu." Akanyoosha kidole kwenye kigoda nilichokalia.

Ujanani alipiga muheme, ngoma ile ya wanawake wa Kigogo inayobanwa mapajani huku mpigaji akicheza. Mtu aliyelelewa hivyo hahitaji mwalimu wa nyonga. Nadhani sehemu kubwa ya yin ni kuturudishia sakafu, sisi tuliopandishwa kwenye viti tangu darasa la kwanza. Lakini nisijidanganye kwamba nitafika alipo bibi. Paul Grilley, mmoja wa walioieneza yin, anasisitiza kwamba mifupa haifanani: shingo ya mfupa wa paja na tundu la nyonga hutofautiana umbo kati ya mtu na mtu, na mfupa ukishagota mfupa hakuna mazoezi yatakayouhamisha. Hili lingepasa kuandikwa kwenye ukuta wa kila darasa.

Jumamosi, 20 Julai

Leo tumebishana, kwa amani, juu ya ipi itangulie, yin au yang. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma anataka yang kwanza, mwili upashe. Mwalimu anasema kwa kawaida ni kweli, lakini yin hulenga zaidi tishu unganishi, mishipa migumu inayofunga viungo, na hizo huvutwa vizuri misuli ikiwa imetulia, haijachemka. Kwa hiyo wapo wanaoanza na yin. Nimejaribu njia zote mbili nyumbani. Asubuhi ya Julai, yin kwanza ni adhabu, meno yanagongana. Jioni ni kinyume: nikianza na yang silali hadi saa sita.

Mwalimu alituhadithia chimbuko la yin yoga, na nilipenda kwamba hakulifanya la kale kuliko lilivyo. Mikao ya kukaa muda mrefu ilifundishwa Marekani na Paulie Zink, mtu wa kung fu, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Grilley akajifunza kwake. Kisha Sarah Powers akaunganisha mambo matatu: yin, yang na tafakuri ya Kibuddha ya kuangalia kinachotokea mwilini na moyoni bila kukikimbia. Kitabu chake, Insight Yoga, kilitoka 2008. Yin na yang zenyewe ni fikra za Wachina wa kale, walioona katika kilima kimoja ubavu wa jua na ubavu wa kivuli. Jua likihama, pande zinabadilishana. Nimeshaliona hilo kwenye Mlima Simba kila siku ya Mungu, nisijue kwamba kuna watu wamelijengea falsafa.

Ninachokiona mimi: bila kuangalia, yang ni jimu tu, na yin ni usingizi wa mchana. Leo wawili walikoroma.

Alhamisi, 1 Agosti

Rais kazindua treni ya reli ya kisasa, SGR, hapa Dodoma. Ofisini hakuna aliyezungumza kingine. Sikufanya mazoezi.

Ijumaa, 9 Agosti

Jana Nanenane, sikukuu ya wakulima, viwanja vya Nzuguni. Nimerudi na zabibu nyeusi, vumbi kwenye nywele, na nyanya za mbegu mpya zisizo na ladha.

Zabibu nilizinunua kwa kusudi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, mafunzo ya utulivu kwa wagonjwa wenye maumivu na msongo ambao tiba za kawaida hazikuwatosha. Ndani yake kuna kukaa kimya, kuupitia mwili kwa akili kuanzia vidole vya miguu, na yoga nyepesi. Zoezi maarufu la mwanzo ni kula zabibu kavu moja, taratibu, kana kwamba hujawahi kuiona. Nimecheka nilipolisoma. Dunia nzima inafundishwa utulivu kwa zabibu, na sisi tunazilima Hombolo na Makutupora, tunavuna mara mbili kwa mwaka na kula kwa kutupia mdomoni chache kwa pamoja.

Jioni nikafanya mikao ya yin, kisha nikakaa na zabibu moja mbichi. Ina unga mweupe juu ya ganda. Ganda ni kali, la kukausha ulimi. Utamu uko ndani, na karibu na mbegu kuna uchachu. Nimeishi Dodoma miaka yote hii na uchachu ule sijawahi kuujua. Zilizobaki nilikula kwa fujo, mbele ya taarifa ya habari.

Jumamosi, 17 Agosti

Katikati ya mkao wa kulalia tumbo, mwenzetu mmoja alianza kulia, na hakuweza kunyamaza. Amefiwa mwaka huu. Mwalimu alimketisha, akamfunika khanga, akampa maji, na hakumwambia "acha yatoke" kama wanavyosema wengi. Nilimheshimu kwa hilo. Kukaa kimya na mwili wako si salama kwa kila mtu kila wakati; aliyebeba jambo zito anaweza kuzidiwa nalo hapohapo.

Baadaye, nje, nikamshauri aonane na mtaalamu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Akashtuka: "Dada, mimi kichaa?" Hospitali ipo tangu 1927, na bado jina lake ni tusi la mitaani nchi nzima. Nikamwambia nitakwenda naye, tutakaa pamoja kwenye foleni. Amekubali Jumatano. Mkeka hauwezi kazi ya daktari.

Jumanne, 27 Agosti

Bunge limeanza tena, na majedwali yamerudi. Kiuno kinauma kidogo siku za mwisho wa wiki, kama cha mtu yeyote wa kiti. Utaratibu wangu sasa: asubuhi yang dakika kumi na tano baada ya Alfajiri, jioni mikao mitatu ya yin, kisha kukaa kimya mpaka chai ichemke. Zaidi ya hapo ni sifa.

Mwenzetu amekwenda kliniki mara ya pili, safari hii peke yake.

Mwalimu ameniomba niandike tangazo la Jumamosi kwenye kundi la WhatsApp. Nimeandika hivi: "Darasa ni saa moja kamili asubuhi. Kila mtu aje na blanketi lake, na asije ameshiba. Wenye goti bovu wamwambie mwalimu kabla, si baada."