Nauli ya Kwenda, Gharama ya Kubaki

Juni 2017, Mahakama ya Juu mjini London iliamua, kwa majaji 3 dhidi ya 2, kwamba serikali ya Uingereza haikuvunja sheria ilipokataa kugharimia utoaji mimba kwa wanawake wa Ireland Kaskazini, ambako sheria ya mwaka 1967 haikufika. Kesi ilitokana na binti wa miaka 15 aliyesafiri na mama yake hadi Manchester mwaka 2012, safari iliyowagharimu karibu pauni 900. Kabla mwezi haujaisha, serikali ilikubali kulipia huduma hiyo. Oktoba ikaongeza nauli kwa wenye kipato cha chini.

Hoja ya waliodai fedha hizo naielewa: tajiri husafiri kimya kimya, maskini hubaki na dhiki yake. Lakini Muislamu hupima kwa sheria ya Mola wake. Wanazuoni wanasema baada ya siku 120 mimba haitolewi ila kuokoa uhai wa mama. Kabla ya hapo wametofautiana: Wamaliki kwa kawaida huzuia, baadhi ya Wahanafi huruhusu kwa udhuru. Ama kuwaua watoto kwa kuchelea ufukara, Qur'ani Tukufu imekataza waziwazi.

Hata hivyo, katazo hilo linatudai na sisi tuliolisoma. Mdogo wangu alifiwa na mumewe akiwa na watoto watatu na mimba ya miezi miwili. Wapo waliomnong'oneza aitoe. Mama yetu, Allah amrehemu, hakumhutubia. Aliwaita shangazi na wajomba, akawagawia majukumu: huyu kodi ya nyumba, yule maziwa, mwingine ada za shule. Mtoto aliyezaliwa sasa anahifadhi Juzuu Amma, na wajomba wale bado wanalipa.

Si kila mjane ana mama wa namna hiyo. Mafakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika makundi 8 yanayostahiki zaka. Basi kamati za zaka za misikiti yetu zitenge fungu la wajawazito waliofiwa au kutelekezwa, litolewe kwa siri na kwa heshima, bila kumhoji mama mbele ya watu. Wenzetu wameihesabu nauli ya kwenda. Sisi tunaomwambia mwanamke abaki na mimba yake, tuihesabu gharama ya kubaki, kisha tuilipe.